Rodney Young, mchimbaji wa makaburi ya kale aliyekuwa mpelelezi wa Marekani

Mtafiti mgeni akifika kijijini na ramani, kamera na maswali mengi, wakaaji wa mashariki mwa Congo huulizana kimyakimya: huyu anatafuta nini kweli? Historia ya Rodney Young inaonyesha kwamba swali hilo si la ujinga.

Young alizaliwa Marekani mwaka 1907, katika familia tajiri. Alisoma Princeton na Columbia, kisha akaenda Ugiriki, ambako alifanya kazi miaka mingi Athens katika uchimbaji wa Agora, soko la mji wa kale. Oktoba 1940 majeshi ya Italia yakavamia Ugiriki. Wageni wengi walitafuta njia ya kurudi kwao. Yeye alibaki, akaendesha gari la wagonjwa kwenye uwanja wa vita karibu na Albania, na huko bomu likamjeruhi vibaya. Wagiriki walimpa nishani.

Alipopona, OSS ilimtaka. Hilo ndilo shirika la upelelezi lililoanzishwa na Marekani mwaka 1942, kabla CIA haijakuwepo. (Wakaaji wa Katanga wana sababu yao ya kulikumbuka: lilikuwa na watu wake Léopoldville, waliofuatilia uraniamu ya Shinkolobwe ili isifike mikononi mwa Wajerumani.) Young aliwekwa Cairo kuongoza kazi ya Ugiriki, nchi ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Wajerumani.

Kwa wasaidizi hakutafuta wanajeshi. Aliita wachimbaji wenzake. Hesabu yake ilikuwa rahisi: mtu aliyechimba miaka 10 katika nchi anajua lugha, njia za milimani, bandari ndogo zisizo na polisi, na zaidi ya yote anajua watu. Jack Caskey na Dorothy Cox walifanya kazi upande wa Izmir, Uturuki. John Franklin Daniel alikuwa Kipro. Kutoka pwani ya Uturuki, mashua zilizofanana na za wavuvi zilivuka usiku zikibeba maajenti wa Kigiriki, redio na pesa, na kurudi na habari za meli na majeshi ya adui. Hatari kubwa ilikuwa juu ya Wagiriki wenyewe. Profesa alibaki ng'ambo akisoma ripoti. Aliyekamatwa na Wajerumani ni yule aliyetumwa.

Ugomvi juu ya kazi hii ni wa zamani. Mwaka 1919, Franz Boas, mtaalamu mkubwa wa elimu ya jamii za watu, aliandika katika gazeti la The Nation kwamba wasomi wanne walitumia utafiti kama pazia la ujasusi wakati wa vita vya kwanza. Hakuwataja majina, lakini Sylvanus Morley, mchimbaji wa miji ya Wamaya, alikuwa kweli amepeleleza Amerika ya Kati kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani. Chama cha wasomi hao kilipiga kura 20 kwa 10, na aliyelaumiwa ni Boas, si wapelelezi.

Young ana utetezi ambao Morley hakuwa nao: Wagiriki walikuwa wamevamiwa na wengi walitaka msaada huo. Lakini Uturuki ilikuwa haiko vitani, na pwani yake ilitumiwa.

Na ni Uturuki ndiko jina lake lilikua. Daniel, ambaye Chuo Kikuu cha Pennsylvania kilikuwa kimemwajiri, alikufa ghafla huko Desemba 1948. Young alichukua nafasi yake, akawa profesa, na mwaka 1950 akaanza kuchimba Gordion, mji mkuu wa Wafrigia, kusini-magharibi ya Ankara. Mwaka 1957 alifika ndani ya kilima cha udongo chenye urefu wa mita 53 kilichofunika kaburi. Kwanza walitoboa kutoka juu ili kujua chumba kiko wapi, kisha wachimba makaa ya mawe wakafungua njia chini kwa chini. Ndani kulikuwa na chumba cha mbao na mwili wa mzee wa miaka 60 hivi, meza na vyombo vingi vya shaba. Mabaki ya kinywaji yaliyopimwa miaka mingi baadaye yalionyesha divai, bia ya shayiri na asali vikiwa vimechanganywa.

Si kila alichosema kimesimama. Moto ulioteketeza ngome ya Gordion aliuweka karibu na mwaka 700 kabla ya Kristo; vipimo vipya vimeurudisha nyuma karibu miaka 100.

Aprili 1970, makumbusho ya Pennsylvania ilitangaza kwamba haitanunua tena kitu chochote cha kale kisicho na karatasi za kuonyesha kilikotoka. Young alikuwa kati ya waliosukuma uamuzi huo, miezi michache kabla ya mkataba wa UNESCO. Kwa nchi ambazo sanamu na vinyago vyake vimejaa Ulaya na Marekani, huenda hiyo ndiyo kazi yake yenye faida kuliko zote.

Alikufa katika ajali ya gari Oktoba 1974. Faili za OSS zilifunguliwa baadaye, na mwaka 2011 Susan Heuck Allen akatoa kitabu kizima juu ya wachimbaji hao. Gordion imeingia katika urithi wa dunia mwaka 2023. Watalii huingia kaburini kwa njia ileile waliyoifungua wachimba makaa.