Wazee wa Kanisa na Mchungaji Mpya katika Nchi ya Singida

Mtu aliyelelewa mbali na makanisa ya Kilutheri ya Iramba na Singida, akisikia kwamba usharika fulani umepata mchungaji mpya, yamkini atadhani kuwa wazee walikaa barazani, wakawapima watu wawili watatu, kisha wakamwajiri yule aliyewaridhisha. Walakini sivyo ilivyo, kwani katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania mchungaji ni wa dayosisi, naye huenda kule anakopelekwa na wakuu wake. Lakini atakayesema kwamba wazee hawana neno katika jambo hilo atakuwa amewadhulumu, maana dhamana yao huanza zamani, kabla barua ya uhamisho haijaandikwa, wala haikomi siku mchungaji anapoingizwa kazini.

Ada hii ya wazee kutoa shauri ina asili mbili. Wamisionari wa shirika la Leipzig waliofika Iramba kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na Wamarekani wa kanisa la Augustana walioishika kazi ile katika miaka ya 1920, walikuta watu ambao tangu kale walikwisha kuzoea kuamua mashauri ya ardhi, mahari na ugomvi kwa baraza za wazee; Wanyaturu hasa, ambao mamlaka yao yalikuwa mikononi mwa wazee wa koo. Na hao Waaugustana, kwao Marekani, washarika wenyewe ndio waliopiga kura na kumpelekea mchungaji barua ya wito. Ila huku, wachungaji wakiwa wachache na sharika zimetapakaa katika nchi kavu na pana, upelekaji ulikaa katika makao makuu, ukabaki huko hata baada ya makanisa saba kuungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa kanisa moja. Kwa hiyo kura haikuota mizizi Singida. Kilichoota ni ushauri wa wazee, nao kwa rai yangu una uzito usiopungua ule wa kura.

Tazama jinsi mchungaji anavyopatikana tangu ujana wake. Kijana anayetamani kwenda chuo cha Biblia, au kupanda hadi Makumira, chuo kilichofunguliwa mwaka 1954 karibu na Arusha, sharti kwanza asimame mbele ya wazee wa usharika wake, wamshuhudie kwa maandishi. Hapo hayaulizwi ya cheti, kwa kuwa cheti kila mtu aweza kukisoma. Huulizwa kama akikopa hulipa. Kama mifugo ya jirani ikiingia shambani mwake huenda kwa mwenyewe kwa maneno au kwa fimbo. Kama mama yake mzazi, aliyeachwa tembeni peke yake, hupata kuni na maji. Wako wazee wasiojua kuandika zaidi ya majina yao, ambao kwa maswali ya namna hii humfahamu mtu kuliko mtihani wowote umfahamuvyo. Wakimkataa, aghalabu safari yake huishia hapo, nao hulibeba lawama la jamaa zake kwa miaka mingi bila kutoa siri ya baraza.

Basi barua ya dayosisi ikifika, na katibu akiisha kuisoma mbele ya ibada, kazi ya pili huanza papo hapo. Nyumba ya mchungaji hukaguliwa bati kwa bati, choo huchimbwa kama cha zamani kimejaa, na kila mtaa hukadiriwa mchango wake. Jumapili ya mchango huo utaona wanawake wakiingia na debe la mtama kichwani, na kuku waliofungwa miguu wakilazwa karibu na madhabahu, wakitikisa mbawa wakati wa sala. Ibada ikiisha, mzee mmoja mwenye sauti husimama nje chini ya mti akainadi sadaka ile, jogoo mmoja akinunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena mara tatu, hata fedha za kusafirishia mizigo ya Baba Mchungaji zikatimia. Na siku mchungaji anapoingizwa kazini, wageni wakisha kuondoka, mzee aliye mkubwa kwa umri hubaki naye faraghani, akamweleza ni nyumba zipi mbili hazisalimiani na kwa sababu gani, ni mjane yupi ataona haya kuomba, na ni jambo gani asilitaje mimbarini mpaka mwaka upite.

Siwasifu wazee wote. Wako waandikao barua za siri ili mchungaji aondolewe kwa kuwa aliwakemea, na wako wanaotaka mtu wa ukoo wao tu. Hao wanaivunjia heshima amana waliyopewa. Lakini ni kosa kubwa zaidi mchungaji kuhamishwa ghafla, watoto wa kipaimara hawajamaliza mafundisho yao na kanisa limefika kwenye lenta, ilhali wazee wamepata habari siku moja na umati. Nawasihi wenye mamlaka ya uhamisho, kabla ya kutia saini, wawaite wazee wa sharika zote mbili, wa kule anakotoka mchungaji na wa kule aendako, wawasikilize mpaka mwisho. Na wazee nao, wakiitwa, waseme kweli yote wanayoijua, hata ikiwa inamhusu mtu wampendaye.