Je, Wajua? Mkopo wa Benki na Haki za Mtu wa Eastlands

Je, wajua mtaa wa Dandora, Nairobi, ulizaliwa na deni? Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliikopesha Kenya fedha za kupima ploti 6,000 hivi. Mwenye ploti alikabidhiwa choo, bafu na maji. Vyumba alijijengea mwenyewe, akipangisha kimoja ili ainue kingine.

Je, wajua mkataba wa Benki hiyo, wa 1944, unaikataza kuingilia siasa za mkopaji? Haki za binadamu zikahesabiwa siasa kwa miaka mingi. Kanuni za Benki za mazingira na jamii zilizoanza Oktoba 2018 zinazitaja kwenye dibaji, nayo dibaji haimfungi mkopaji.

Ajabu ni kwamba Novemba 1991 Benki iyo hiyo iliongoza kikao cha wafadhili Paris kilichoinyima Kenya misaada mipya kwa miezi sita, pamoja na mengine, hadi siasa zirekebishwe. Desemba Bunge likafuta kifungu cha 2A cha katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu cha siasa. Waliokwenda uwanja wa Kamukunji Julai 7, 1990 kudai vyama vingi walikuwa wameshakula rungu kwa dai hilo hilo.

Je, wajua waliojenga kando ya reli Mukuru na Kibera bila hati walijengewa nyumba na vibanda kwa mkopo wa Benki? Sharti la mkopo humtambua anayehamishwa hata kama hana karatasi. Tingatinga lisilo na mkopo nyuma yake halijui sharti hilo.

Je, wajua shule ya kwanza ya Bridge, kampuni ya shule za binafsi za bei nafuu, ilifunguliwa Mukuru kwa Njenga mwaka 2009? IFC, tawi la Benki linalofadhili kampuni binafsi, likaweka pesa. Mwaka 2018 shirika la haki za binadamu la EACHRights likapeleka malalamiko ya wazazi na walimu kuhusu ajira, afya na usalama. Wachunguzi wa ofisi ya malalamiko ya IFC walipofika, wakasikia jambo zito zaidi: watoto kudhulumiwa kingono. Uchunguzi wa pili ukaanza 2020. IFC ikajiondoa Machi 2022, ripoti ikiwa bado haijatoka. Ilipotoka 2024, ilisema IFC haikuzingatia hatari hiyo tangu ilipowekeza. Kuuza hisa ni rahisi kuliko kujibu.

Na je, wajua Jopo la Ukaguzi la Benki, lililoundwa 1993, hupokea malalamiko hata ya watu wawili tu, kwa lugha yoyote, majina yakifichwa wakitaka? Kiswahili kinatosha. Sheng, sijasikia aliyejaribu.