Nduthi ya Mtumba: Kabla Utoe Doh, Jua Unaendesha Wapi

Tuseme umehaso miaka miwili, umeweka ganji kando, na sasa unataka nduthi. Ya duka bado iko juu, kwa hivyo ni mtumba. Ukipekua mtandaoni utapata Boxer ya miaka mitatu, Apache iliyopakwa rangi nyeusi isiyong'aa, na Yamaha DT ya kitambo, zote bei zikikaribiana. Hapo ndipo wasee wengi huteleza. Wanachukua ile inatoka fiti kwa picha, halafu baada ya miezi miwili wanairudisha sokoni kwa hasara.

Swali la kwanza si nduthi gani ni noma. Swali ni: kutoka Jumatatu hadi Jumapili unaendesha wapi, na nani amekaa nyuma? Piga hesabu ya ukweli. Kama wiki nzima ni Kayole hadi tao, na Naivasha unaenda mara mbili kwa mwaka, basi nunua nduthi ya Kayole. Naivasha utavumilia.

Kwa hiyo kazi ya kila siku, Bajaj Boxer na TVS HLX ndizo zimejaa barabarani, na si bure. Injini ni sahili, imepozwa na hewa tu, inavuta vizuri ukiwa gia za chini na umebeba mtu pamoja na gunia. Unakaa wima, mgongo hauumi kwa jam. Ikizima Githurai au Kisii ndani ndani, kuna fundi hatua chache kutoka hapo na spea iko kwa duka la kwanza. Mafuta inanusa tu. Mtu akikucheka kwa kununua Boxer, mwache acheke. Anayejua bei ya spea hawezi kucheka.

Shida yake inaanza ukitoka mtaa. Boxer nyingi za 150 zina breki za ngoma mbele na nyuma, na kwa Mombasa Road, trela likiwa nyuma yako, utatamani breki ya diski. Pia ukiisukuma hadi mwisho inatetemeka, na huna nguvu ya ziada ya kupita lori kwa haraka. Kwa mtu anayeishi Athi River na kufanya kazi Westlands, hiyo si starehe ndogo inayokosekana. Ni jambo la kufika nyumbani. Na usisahau kwamba ile Expressway ya juu nduthi haziruhusiwi, kwa hivyo utakuwa huku chini na malori kila siku.

Kuna kitu wauzaji hawakuambii kuhusu nguvu. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Huku hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Maana yake nduthi iliyokuwa moto Mombasa ikifika Nairobi imepoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake, na ukipanda Limuru inapungua tena. Ya kabureta inaumia zaidi kwa sababu mafuta yanabaki mengi kuliko hewa: inakohoa, inatoa moshi mweusi, inakula petroli. Fundi mzuri anaweza kuirekebisha. Ya sindano za mafuta inajipima yenyewe, ingawa hata hiyo haiwezi kutengeneza hewa ambayo haipo. Kwa hivyo kama unaishi Limuru ama Kinangop na dame wako anapanda nyuma kila siku, 100cc itakutesa. Anza 150.

Sasa wale wa spidi. TVS Apache na Bajaj Pulsar ndizo mbogi ya vijana inapenda, na ukweli ni kwamba ni nduthi poa. Kuna za 160, 180 na 200, breki za diski, na zingine zina ABS, ile inazuia gurudumu kufunga ukishika breki ghafla kwa lami yenye maji. Kama kazi yako iko Thika Road au Southern Bypass, hapa ndipo ningeweka doh yangu. Lakini hizi ndizo za mtumba zenye historia mbaya zaidi, kwa sababu aliyekuwa nayo pia alikuwa kijana wa spidi. Cheki ncha za usukani, vijiti vya klachi na breki, vikanyagio na kifuniko cha injini. Vikiwa vimekwaruzwa upande mmoja, ililala. Ikiwa imepakwa rangi upya, uliza kwa nini, halafu angalia fremu chini ya tangi na pale shingoni kama kuna alama za kuchomelewa. Fremu iliyochomelewa shingoni wachia mwenyewe, hata akishusha bei hadi uone huruma.

Na Pulsar NS200 inapozwa na maji. Kabla ya kununua, iache inguruume dakika kumi bila kusonga, kama imekwama jam ya Globe. Feni isipoamka, utakuja kuchemsha injini mchana kweupe.

Kundi la tatu ni wale wa vumbi. Wasee wa Ngong Hills, Magadi, Kajiado, na wale wanaota kufika Loiyangalani. Hapa unataka shokabu ndefu, gurudumu la mbele kubwa na uzito mdogo. Yamaha DT na Honda XL za kitambo bado zinasakwa, na Honda CRF250L ni ya kisasa zaidi. Lakini panda kwanza. Kiti cha CRF250L kiko karibu sentimita 87 kutoka chini. Mtu mfupi akisimama kwa mteremko wa mawe mguu unatafuta ardhi na hauipati. DT nayo ni injini ya mipigo miwili, inachoma oili pamoja na petroli. Ina pampu ya kuichanganya yenyewe, ila mafundi wengine huing'oa ikiharibika na kumwachia mwenye nduthi achanganye kwa mkono. Muulize muuzaji hiyo pampu bado inafanya kazi. Ukijaza petroli tupu kwa ile iliyong'olewa, pistoni inashikana, na hapo umebaki na chuma cha kuuza kwa kilo.

Royal Enfield Himalayan ya 411cc iko katikati. Kiti ni cha sentimita 80, unaweza kwenda hadi Moyale kwa lami na mizigo bila kuchoka. Lakini ina karibu kilo 200, wakati Boxer haifiki 130. Ikianguka kwa mchanga wa Chalbi na uko pekee yako, kuinyanyua ni mazoezi ya gym. Maoni yangu: wengi wanaonunua nduthi nzito ya safari huiendesha Kilimani. Kama ni hivyo, okoa doh.

Ukishajua aina, uliza ilifanya kazi gani, maana hilo linashinda mwaka wa kutengenezwa. Boda inayofanya kilomita 100 kwa siku, siku sita kwa wiki, inapita kilomita 31,000 kwa mwaka mmoja. Ile ya mwalimu wa ushago inaweza kuchukua miaka minane kufika hapo. Herufi za usajili zinakuambia tu ilisajiliwa lini, na mita ya kilomita mara nyingi waya wake ulikatika kitambo. Angalia vitu vinavyoshindwa kudanganya: raba za vikanyagio zimelika kiasi gani, meno ya sproketi yamechongoka kama ya papa, kiti cha nyuma kimebonyea. Muuzaji akisema "nilikuwa naenda nayo kanisa tu" na carrier ya nyuma imeinama, jua hiyo kanisa ilikuwa na abiria wengi.

Nenda asubuhi na umwambie asiwashe kabla ufike. Shika injini kwa mkono. Ikiwa moto, ameficha kitu, kwa sababu injini iliyochoka ni ngumu kuwaka ikiwa baridi. Ikiwaka, tazama moshi. Wa bluu kwa injini ya mipigo minne ni oili inaungua, na hiyo ni pistoni na ringi. Pandisha gurudumu la nyuma na ulisukume kushoto na kulia. Likicheza, ni bushi ama beringi. Bonyeza shokabu za mbele halafu pitisha kidole: ukipata oili, sili zimeisha. Tairi lina nambari nne za tarehe, 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likiwa na meno mazuri lakini limezeeka, limekauka kama mkate wa juzi, na kwa mvua halishiki.

Halafu karatasi, na hapa ndipo wasee huchotwa kabisa. Nduthi nyingi siku hizi zilichukuliwa kwa mkopo, na mkopeshaji yuko kwa logbook pamoja na mwenyewe. Unanunua kwa bei ya hasira, wiki tatu baadaye watu wa mkopo wanaibeba ikiwa imeegeshwa nje ya ploti yako, na muuzaji laini imezimwa. Fanya search ya NTSA kwa akaunti yako mwenyewe, usikubali screenshot. Jina liwe la huyo anayekuuzia, na lilingane na kitambulisho chake. Kisha piga magoti usome namba ya chesisi shingoni mwa fremu na ile ya injini, herufi kwa herufi. Namba iliyosagwa, toka hapo bila kubishana.

Leseni pia iangalie mapema: A2 ni ya kuendesha nduthi yako, lakini ukipanga kubeba watu au kufanya delivery unahitaji A3. Bima ya third party ni lazima kisheria, na helmeti ni mbili kama utabeba mtu. Ziweke kwa bajeti kabla ya kuanza kupatana bei, maana sanse wa kwanza atakayekusimamisha hatauliza ulinunua ngapi.

Muuzaji ndiye huanzisha transfer kwa akaunti yake, wewe unaikubali kwa yako. Mkae chini pamoja, kibandani kwa chai ikibidi, na afanye hivyo ukiona. Pesa iliyobaki itumwe ombi likishafika upande wako na ukalikubali. Akisema ataanzisha kesho akitoka ocha, mwambie hata wewe doh utaitoa kesho.