Uwekaji wa Nukuu katika Kurasa za Tovuti kwa Msomaji Asiyeona: Mfano wa Masimulizi ya Wazee wa Kilimanjaro

Makala haya yanafafanua namna ya kuweka nukuu katika ukurasa wa tovuti ili zimfikie pia msomaji asiyeona. Mfano unaotumika ni wa tasnifu zinazotokana na mahojiano na wazee wa Kilimanjaro.

Tuchukue mzee wa Vunjo anayemweleza mtafiti habari za mfongo, yaani mfereji unaopeleka maji kihambani, na zamu za kuyagawa maji hayo. Katika nakala iliyochapwa, maneno yake ya Kivunjo hujongezwa ndani, kisha hufuata tafsiri ya Kiswahili. Jicho hutambua mara moja kwamba hapo anasema mzee. Programu ya kusomea skrini haitambui hivyo. Ikiwa nukuu imetengwa kwa nafasi na herufi za mlazo pekee, sauti husoma mfululizo, na dai la mzee husikika kama hitimisho la mtafiti. Mzee hunyang'anywa kauli yake, naye mtafiti hubebeshwa kauli isiyo yake.

Suluhisho ni kutenganisha muundo na mwonekano. Katika HTML, lebo ya blockquote hubainisha nukuu ndefu. Programu kama NVDA huweza kutangaza mahali nukuu hiyo inapoanza na inapoishia. Lebo ya q ni ya nukuu fupi ndani ya sentensi. Kivinjari huweka alama za mtajo chenyewe, hivyo mwandishi asizirudie. Ujongezaji, rangi na mstari wa pembeni ni kazi ya CSS. Vivyo hivyo, blockquote isitumiwe kujongeza aya isiyo nukuu. Chanzo nacho kiandikwe wazi, nje ya blockquote, kwa kuwa sifa ya cite haionyeshwi kwa msomaji.

Lugha pia itajwe kwa sifa ya lang: sw kwa Kiswahili, vun kwa Kivunjo, jmc kwa Kimachame na rof kwa Kirombo. Mwongozo wa WCAG 2.0 wa mwaka 2008 unadai hivyo katika kigezo cha 3.1.2. Kwa wenye uoni hafifu, mwongozo huohuo unataka uwiano wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli usipungue 4.5 kwa 1. Kwa hiyo nukuu isififishwe kwa rangi ya kijivu.

Kwa ufupi, kabla ya kuuweka ukurasa hadharani, mtafiti ausikilize akiwa amefumba macho. Asipoweza kutofautisha sauti ya mzee na yake mwenyewe, kazi ya kunukuu haijakamilika.