Saratani ya jicho: hesabu ya mtoto mmoja kwa mwaka

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 320,279 Mbulu na 275,990 Hanang. Tukikadiria vizazi 35 kwa kila watu 1,000, wilaya hizo mbili zilipata vichanga kama 21,000 kwa mwaka. Retinoblastoma, saratani ya jicho ya watoto wadogo, humpata mmoja kati ya 17,000 hivi. Ni mtoto mmoja kwa mwaka, miaka mingine wawili. Ugumu unaanzia hapo: muuguzi wa zahanati anaweza kustaafu bila kumwona hata mmoja. Mama akieleza kuwa mboni ya mwanawe inang'aa nyeupe, ni rahisi arudishwe nyumbani na dawa ya matone.

Utafiti wa kimataifa wa watoto 4,351 waliogundulika mwaka 2017 ulikuta kwamba umri wa kati wa kugundulika ni miezi 30 katika nchi maskini na 14 katika nchi tajiri. Kwa asilimia 49.1 ya watoto wa nchi maskini, uvimbe ulikuwa umeshatoka nje ya jicho. Kwa wale wa nchi tajiri ni asilimia 1.5. Uvimbe ukiwa bado ndani, kuliondoa jicho mara nyingi kunatosha kumponya mtoto, ingawa wazazi wengi hulikataa neno hilo, nami siwalaumu.

Ugonjwa ukichelewa kugundulika, kuna tibakemikali, tuseme mizunguko sita. Kutoka Haydom, wilayani Mbulu, hadi Arusha ni kama kilomita 300. Ongeza 80 kufika hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi, kwa tiba hiyo. Kwenda na kurudi mara sita ni kilomita 4,560. Kwa nauli ya daraja la kawaida ya LATRA, mdhibiti wa usafiri wa ardhini, ya Desemba 2023, shilingi 48.47 kwa kilomita, mzazi peke yake hulipa takriban 221,000. Kiwango cha umaskini wa mahitaji ya msingi mwaka 2017/18 kilikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Nauli tupu inameza zaidi ya miezi minne ya fedha hiyo, na bado hajala, hajalala, na maharage shambani hayana wa kuyapalilia.

Chanjo ya surua hutolewa miezi 9 na 18, yote kabla ya ile miezi 30 ya kugundulika. Halmashauri ziagize macho yamulikwe siku hizo, na zilipe nauli: kwa watoto wawili haifiki shilingi 450,000 kwa mwaka.