Kiharusi hakingoji "presha ishuke"

Kaka yangu mkubwa alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa zaidi ya miaka thelathini kabla ya kustaafu. Ndiye aliyenifunza upatanisho wa ngeli, tena kwa ukali, hata kabla sijaanza shule. Jioni moja, yapata saa moja, alinipigia simu kama ilivyokuwa ada yake. Katikati ya mazungumzo akasema, "Kitabu yangu limepotea." Nilicheka, nikidhani anaiga makosa ya wanafunzi wake wa zamani. Akalirudia kosa lile lile, kisha maneno yakaanza kumponyoka. Shemeji akaichukua simu. "Presha imempanda," akasema. "Wacha alale, itashuka."

Nami, mwenye shahada ya uzamifu katika isimu, nipataye riziki yangu kwa kuchunguza usemi wa wanadamu, nikajibu, "Naam, mwache apumzike."

Asubuhi mkono wake wa kulia haukuinuka. Tulipofika hospitalini saa nne, daktari aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: "Mara ya mwisho alionekana mzima wakati gani?" Muda wa saa 15 ulikuwa umepita. Picha ya kichwa ilionyesha kwamba bonge la damu lilikuwa limeziba mshipa wa ubongo. Daktari akatueleza kwa upole kuwa dawa ya kuliyeyusha ipo, ila wakati wake ulikuwa umekwisha.

Siandiki haya ili nionewe huruma. Ninaandika kwa kuwa nimesadiki kwamba sehemu ya kosa letu ilikuwa katika lugha. Hebu tafakari, msomaji, jinsi tunavyoutaja ugonjwa huu. Aghalabu tunasema "presha imempanda", na kilichopanda hutarajiwa kushuka, kwa hivyo tunangoja. Ni kweli kwamba shinikizo la damu ni chanzo kikubwa cha kiharusi, lakini chanzo si ugonjwa wenyewe. Wengine husema fulani "amepooza". Hilo nalo ni jina la matokeo, yaani kile kinachobaki baada ya madhara kutokea. Wapo pia wanaosema amekumbwa na pepo au amerogwa, na hao hutangulia kwa mganga. Katika misemo yote hiyo hakuna hata mmoja unaomhimiza mtu kutazama saa.

Kiharusi ni nini basi? Ni ubongo kushambuliwa ghafla. Mara nyingi bonge la damu huziba mshipa. Mara nyingine mshipa hupasuka na damu ikavuja ubongoni. Mnamo mwaka 2006, daktari Jeffrey Saver wa Marekani alikadiria kwamba mshipa mkubwa unapoziba, mgonjwa hupoteza takriban chembe 1,900,000 za neva kila dakika.

Dawa niliyoitaja huitwa alteplesi. Huamsha kimeng'enya kilichomo katika damu yetu wenyewe, nacho hukatakata nyuzi zinazolishikilia bonge. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1995, uliohusisha wagonjwa 624, ulionyesha kuwa waliopewa dawa hiyo katika saa 3 za kwanza walikuwa na nafasi kubwa zaidi, kwa asilimia 30 au zaidi, ya kubaki bila ulemavu au na ulemavu mdogo sana baada ya miezi 3. Mwaka 2008 utafiti mwingine, wa Ulaya, ulionyesha kuwa dawa hii hufaa hadi saa 4 na nusu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya kiharusi.

Hata hivyo, dawa hii ni kisu chenye makali kuwili. Katika utafiti ule wa 1995, asilimia 6.4 ya waliopewa dawa walivuja damu ubongoni kwa namna iliyowadhuru, ilhali kwa wasiopewa ilikuwa asilimia 0.6. Iwapo mshipa umepasuka, kuyeyusha damu ni kumwangamiza mgonjwa. Ndiyo sababu haitolewi kabla ya picha ya kichwa, na ndiyo sababu si busara kumpa mgonjwa aspirini nyumbani kwa kubahatisha.

Sisi walimu wa lugha tuna wajibu wa pekee, kwa kuwa usemi ni miongoni mwa mambo ambayo kiharusi huyavuruga mapema. Mwaka 1861 huko Paris, Paul Broca alieleza habari za mgonjwa ambaye karibu kila alichoulizwa alijibu kwa silabi moja tu, "tan". Alipofariki, Broca alionyesha jeraha katika upande wa kushoto wa ubongo wake. Habari hiyo nimeifundisha mwaka baada ya mwaka, lakini iliponipigia simu sikuitambua.

Basi tuwafunze wanafunzi wetu mambo manne: uso, mkono, usemi na saa. Mwambie mtu atabasamu, uone kama uso umeenda upande. Mwambie ainue mikono yote miwili, uone kama mmoja unaanguka. Mwambie aseme sentensi nyepesi, hata methali, usikie kama maneno yanakwama au yanapotoka. Ikiwa moja tu kati ya hayo limetokea ghafla, tazama saa, iandike, na safari ya hospitali ianze. Aliyeamka akiwa hivyo, hesabu yake huanza pale alipoonekana mzima mara ya mwisho. Mwanafunzi ndiye aghalabu abakiye nyumbani na babu na nyanya. Yeye ndiye shahidi wa kwanza.

Atatokea wa kusema kwamba haya ni ya watu wa mijini, kwa kuwa dawa ni ghali na mashine ya picha iko mbali. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kila familia yaweza kuuliza leo, kabla ya msiba, ni hospitali ipi iliyo karibu yenye mashine hiyo. Tena serikali za kaunti, ambazo tangu mwaka 2013 zimekabidhiwa hospitali nyingi za umma, hazitadaiwa kitu ambacho raia hajui kuwa kipo.

Kaka yangu sasa hutamka maneno machache. Juzi nilikosea upatanisho mbele yake kwa makusudi, naye akanitikisia kichwa kwa ukali ule wa zamani. Tumezoea kuwafunza watoto kwamba haraka haraka haina baraka. Tuwaambie pia kwamba kwa kiharusi, baraka yenyewe imo katika haraka.