Ngazija: Sinia na Kikombe Chini ya Mlima wa Moto

 

Ndugu msomaji, Ijumaa hii tunakuchukua hadi Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Visiwa vya Komoro. Si ugenini huko. Lugha yao ni ndugu wa Kiswahili, madhehebu yao ni ya Imamu Shafii, na Sayyid Ahmad bin Sumeit, aliyekuwa kadhi Unguja na kufia huko mwaka 1925, alizaliwa Itsandraa. Hata hivyo leo hatutakieleza kisiwa hicho kwa wanavyuoni wake, bali kwa kinacholiwa na kinachonywewa.

Ngazija ni mlima uliochomoza baharini. Kilele chake, Karthala, kina urefu wa mita 2,361, na moto wake haujazimika. Mwaka 1977 mto wa lava ulikifikia kijiji cha Singani, ukafunika nyumba na kuteremka hadi baharini. Lakini jiwe hilo hilo jeusi, likishalainishwa na mvua na miaka, huzaa migomba, mihogo, majimbi na mishelisheli. Ukikaribishwa chakula utaletewa mataba, nacho ni kisamvu kilichotwangwa na kupikwa kwa nazi. Au mtsolola, ndizi mbichi zilizotokoswa kwa tui pamoja na samaki au nyama, na pembeni putu, pilipili iliyosagwa inayomtoa mgeni machozi. Mkate wa sinia wanao pia, nasi hatutaki kuingia katika ugomvi wa nani alimfundisha nani.

Mchele, ambao ndio chakula cha heshima, haulimwi vya kutosha. Huja kwa meli kutoka Asia. Katika anda, ile harusi kubwa ambayo mwanamume wa Ngazija huiwekea akiba miaka mingi, hupikwa kwa magunia na ng'ombe huchinjwa. Kulisha watu ni sunna, na hilo hatulipingi. Deni linalobaki baada ya sinia kuondolewa ndilo linalotusumbua.

Tuje kwenye kinywaji, maana hapo ndipo penye kisa. Mvua hunyesha kwa wingi Ngazija, lakini kisiwa hakina mto utiririkao mwaka mzima. Miamba ya lava ina vitundu kama sifongo. Maji yakianguka huzama chini. Mwishoni mwa Sura Al-Mulk Mola wetu anatuuliza: maji yetu yakididimia ardhini, ni nani atakayetuletea mengine? Mtu wa Ngazija huielewa aya hiyo kwa kuitazama ardhi anayoikanyaga. Visima vya pwani, vingi huonja chumvi. Kwa hiyo watu huyakinga maji ya paa, wakayahifadhi katika mabirika ya nyumbani na ya misikitini.

Tulipozuru huko, tuliingia msikitini kabla ya adhana ya alasiri, tukateka kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi maji yakatapakaa sakafuni. Mzee mmoja aliyeketi karibu alitusalimu, kisha akasema kwa upole, "Mwanangu, hiyo ni mvua ya mwezi wa pili." Tuliona haya. Miaka yote tumekuwa tukiwasomesha watoto chuoni kwamba Mtume (S.A.W.) akitawadha kwa mudi moja, yaani kadiri ya kibaba, kama ilivyothibiti katika Bukhari na Muslim; hadithi tuliihifadhi, mkono haukuihifadhi.

Mzee huyo ndiye aliyetueleza habari za mwaka 2005. Karthala ililipuka mwezi wa Aprili, ikalipuka tena Novemba, majivu yakafunika mapaa, na kutoka mapaani yakaingia mabirikani. Zaidi ya watu laki moja walikosa maji safi ya kunywa. Hapa pana suala la fikihi ambalo wasomaji wetu huliuliza kwa sura nyingine: je, maji hayo yanafaa kwa udhu? Mafakihi wetu wa Kishafii wanasema maji yaliyobadilika kwa udongo, au kwa kitu kisichoweza kuepukwa, hubaki na utohara wake, nasi twaona majivu ya mlima yamo katika hukumu hiyo. Lakini kufaa kwa udhu si kufaa kwa tumbo. Kunywa kinachodhuru ni haramu, na katika hilo neno la daktari ndilo la kufuatwa.

Kaskazini mwa kisiwa, karibu na Bangoi, kuna ziwa la chumvi ndani ya shimo la volkano ya kale. Wenyeji husimulia kwamba pale palikuwa na kijiji. Akapita mgeni mwenye kiu, akaomba maji nyumba hadi nyumba, akanyimwa. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempa. Mgeni akamwambia aondoke na watoto wake; usiku ule bahari ikapanda, ikakimeza kijiji. Hatuisimulii kama historia. Tulisimama ukingoni, kijana aliyetuongoza akatoa chupa ya maji ya birika la kwao, na kabla hajanywa yeye, akatupa sisi.